Shangazi Futi na Sauti ya Shemeji

Jirani mpya wa mlango wa tatu aliniuliza siku moja tukianika nguo: "Mama, hebu nisaidie. Huyo mwanamume ambaye Shangazi Futi anamgombeza kila siku saa moja jioni, mbona hatumuoni akitoka?"

Nikamjibu kwamba hatamuona, maana hayumo mle ndani. Yumo kwenye televisheni. Jirani akanitazama, akazitazama nguo zake, akaendelea kuanika. Nadhani aliona na mimi naumwa ugonjwa uleule.

Basi si vibaya nikieleza. Watu wamesema mengi juu ya Shangazi Futi, na mengi ni ya kweli, ila yamekaa upande. Mimi nimekuwa jirani yake miaka kumi na tisa. Tunasali pamoja, na nguo zangu zote kashona yeye, isipokuwa zile nilizopewa na watu. Zile kazipunguza.

Yeye ni fundi cherehani. Jina la Futi alilipata kwa ajili ya ile futi ya kupimia, maana haivui shingoni. Amekwenda nayo ibadani, amekwenda nayo hospitali, na mara moja amekwenda nayo mazishini. Siku hiyo tulikaa mstari wa pili, mbele yetu mfiwa mwenyewe, na wakati wa sala nikafumbua jicho moja, Mungu anisamehe, nikaona mkono wa Shangazi umeshafika begani kwa mfiwa na futi imenyooka. Tulipokaa akaninong'oneza: "Huyu ni wa kumi na nane, koti kavalishwa la kumi na sita. Msiba peke yake hautoshi, mpaka na koti nalo limbane?"

Chumba chake cha mbele ndicho cha kazi. Kuna cherehani kimoja cha miguu, cheusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika yakabaki madoa. Kuna meza ya kukatia, pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umetuhama, na benchi la wateja. Nguo zilizokwisha zimefungwa kwa vipande vya vitambaa, kila furushi na karatasi ya jina. Televisheni iko juu ya kabati, na imegeuziwa fundi. Mteja akitaka kuona, ajipinde mwenyewe.

Tamthilia yenyewe ni ya nchi za mbali. Watu wake wana nywele ndefu na nyumba zenye ngazi ndani, lakini wanaongea Kiswahili, kwa kuwa wameingizwa sauti. Midomo inamaliza kusema, maneno yanafika baadaye, kama mtu aliyechelewa kikao na anaomba njia apite.

Kisa kilikuwa hivi. Mwanamke kafiwa na mume. Mdogo wa marehemu, mtu wa suti na sauti laini, akamfuata kitandani siku mwanamke ana homa, akamletea karatasi, akamshikia kalamu, mwanamke akasaini. Kumbe kasaini nyumba, kasaini kiwanda cha maua, na juu yake kasaini kwamba yeye ndiye aliyemuua mumewe. Akafungwa miaka minane. Mtoto wake mchanga akalelewa na shemeji huyohuyo. Alipotoka gerezani akabadili nywele, akabadili jina, akaenda kuomba kazi ya upishi katika nyumba yake mwenyewe ili alipe kisasi. Hakuna aliyemtambua. Hata mbwa.

"Mbwa nilimtegemea," Shangazi aliniambia asubuhi yake, kwa huzuni kabisa.

Majina ya watu wale hayakutukaa mdomoni, kwa hiyo Shangazi akawapa mengine. Mwanamke akamwita Dada wa Watu. Mwanamume akabaki kuitwa Shemeji, na kile kitakia chekundu anachochomekea pini nacho akakiita Shemeji. Saa moja jioni Shemeji wa kwenye televisheni akifungua mdomo, Shemeji wa mezani alikuwa anachomwa.

Sasa, mimi nami nilikuwa namhurumia Dada wa Watu. Nani asingemhurumia. Lakini huruma ya Shangazi ilikuwa haina breki. Siku moja Dada wa Watu alitia dawa ya kuharisha kwenye supu ya harusi ya Shemeji, wageni mia mbili. Nikasema, "Lakini Shangazi, wale wageni wamekosa nini?"

"Walikuja," akasema. "Mtu unakwenda kula nyumbani kwa mwizi, halafu unategemea tumbo litulie?"

"Kisasi si chetu, dada yangu. Tumwachie Mungu."

"Nimemwachia. Lakini Mungu naye hatembei kwa miguu, huwa anatuma watu. Zamu hii kamtuma mpishi."

Nikamwokotea pini zilizoanguka sakafuni.

Wateja wa zamani walijifunza kuuliza kwanza kabla ya kuacha kitambaa: "Shangazi, jana Dada wa Watu alilalaje?" Akijibu kwamba alilala vibaya, wanarudi nacho nyumbani. Kwaya yetu haikuuliza. Majoho yake ishirini na manne yalikatwa wiki ile Dada wa Watu aliposhindwa kesi mahakamani, na mikono ya kushoto ikatoka mirefu kuliko ya kulia kwa vidole viwili. Mwalimu wa kwaya akaja na joho begani, mpole, anatafuta pa kuanzia. Shangazi akalitazama, akalipindua, akamrudishia. "Imbeni mmeinua mikono," akasema. "Haitaonekana. Na Mungu atafurahi."

Halafu likatokea lile la maombi. Wanawake tunakutana Alhamisi mchana, kila mtu anataja shida yake, tunaombeana. Shangazi alisimama, sauti imejaa machozi, akasema tumwombee dada mmoja mjane, kadhulumiwa nyumba na shemeji yake, na sasa ni mtumishi jikoni kwake mwenyewe, na mtoto wa tumbo lake anamwita "we mpishi". Tulilia. Tuliomba wiki ya kwanza, wiki ya pili tukafunga. Wiki ya tatu mwenyekiti wetu akasema maombi bila mikono hayatoshi, tukachanga sukari, sabuni, mchele na viatu jozi moja. Kisha akauliza: "Shangazi, huyo dada yuko upande gani, tumfikie?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Nauli tunayo."

Shangazi akaitazama sakafu. "Chaneli ya nne," akasema.

Mwenyekiti alikuwa ameshika pakiti ya sukari, hakujua aiweke au aendelee kuishika. Ndipo bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa akauliza: "Kwa hiyo mtoto keshamjua mama yake, au bado?"

Sukari na viatu tulimpelekea mjane mwingine, wa kweli. Alishukuru, lakini nikiri tu kwamba kisa chake hakikuwa kizuri kama kile.

Nimesema Shangazi ni mjane? Ni mjane, tena hakubahatika mtoto. Alimlea mtoto wa kaka yake tangu yuko darasa la pili, akamsomesha kwa cherehani kilekile. Binti anafanya kazi zahanati, dirisha la kuandikisha wagonjwa, na kwa sababu neno lake la kwanza kwa kila mtu ni "kadi yako iko wapi", mtaa mzima unamwita Kadi. Ni binti mtulivu, mwenye adabu, na mwaka ule alimpata kijana.

Wiki moja kabla kijana hajaja kujitambulisha, Shangazi akamuuliza Kadi: "Huyo mtu wako kazi yake nini?"

"Anafanya kazi studio."

"Anapiga picha."

"Hapana, Shangazi. Anahusika na sauti."

"Aa. Fundi redio."

Kadi hakusema ndiyo, hakusema siyo. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji, na maji yalikuwa yamejaa. Mimi nilikuwepo, niliona. Alifikiri kunyamaza si uongo. Na mimi nimewahi kufikiri hivyo mara kadhaa.

Walikuja Jumamosi saa tisa mchana, kijana na mjomba wake. Mimi niliitwa nikae upande wa nyumba ili tusionekane wachache. Mjomba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa hotuba. Kijana alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, kona zimesimama, jambo ambalo Shangazi aliliona kabla hajaona sura. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa. Akiulizwa, anatikisa. Ikibidi kabisa, ananong'ona.

"Koo linamsumbua," mjomba akaeleza.

Shangazi akamchemshia maji ya tangawizi. Kijana akanywa vikombe vitatu vya moto mfululizo, macho yamemtoka, na Kadi anamtazama kama muuguzi anayetazama dripu. Mjomba akahutubia juu ya ukoo wao, akafika kwa babu wa babu. Shangazi hakumsikiliza, alikuwa anamtazama kijana. Akanisogelea sikioni: "Mwanamume asiyeongea. Kumbe wameacha mbegu."

Kwa Shangazi, mtu akimpendeza humpima. Akasimama, akamwambia kijana naye asimame, akamvalisha koti la mteja mmoja ambalo lilikuwa halijakamilika ili aone mabega yanakaaje, akaweka pini saba mdomoni, akaanza. Bega, sawa. Mgongo, akabana kidogo. Kwapa, akachoma pini, na ile pini ikapita koti, ikapita shati, ikamfikia mwenyewe.

"Taratibu, mama," kijana akasema. "Taratibu."

Si kwa kunong'ona. Kwa sauti yake yote, ile laini, nzito, inayoteleza kama mafuta. Shemeji wa kwenye tamthilia kila akitaka kumuumiza mtu huanza na neno hilo. Alilisema akimshikia Dada wa Watu kalamu, akalisema tena mlango wa gereza ulipofungwa. Niliinua macho kwenye televisheni, ilikuwa imezimwa. Kadi alikuwa amefumba macho.

Shangazi akatoa pini mdomoni, moja baada ya moja. Akazichomeka kwenye kitakia, zote zilizobaki.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, mama?"

Ilitosha. Shangazi akarudi nyuma hatua mbili mpaka akasimama kati ya kijana na cherehani, mikono kaitandaza nyuma yake. Nilidhani ameishiwa nguvu, nikampa kiti, akakikataa.

"Wewe ndiye Shemeji."

Mjomba, ambaye hakuwa mtu wa tamthilia, akakohoa. "Mama, bado hajawa shemeji wa mtu. Ndiyo kwanza tumekuja kujitambulisha."

"Tumeshatambuana."

"Mama, ni kazi tu," kijana akasema, na sasa alikuwa hana sababu ya kunong'ona, maskini, kila neno linazidi kumfunga. "Mimi napewa karatasi, nasoma. Sikuandika mimi."

"Na yule naye alisema ni karatasi tu."

"Shangazi, ni sauti," Kadi akasema. "Anaingiza sauti. Wenyewe wako huko kwao, yeye hata hajawahi kuwaona."

"Anaingiza za nani nyingine?"

Kijana angeweza kusema uongo. Lakini alilelewa na mwalimu mkuu. "Studio yetu ina watu wachache, mama. Nafanya na daktari wa gereza. Na hakimu."

"Hakimu pia ni wewe."

"Ndiyo, mama. Na mbwa."

Shangazi akanigeukia mimi, maana alitaka shahidi. "Unasikia? Kesi angeishindaje, ikiwa aliyemwibia ndiye hakimu? Na mbwa naye yumo njama hiyohiyo."

Nilijiuma ulimi ili nisicheke, kwa sababu niliona uso wa Kadi. Shangazi hakuwafukuza. Yeye si mtu wa kufukuza. Akamvua kijana lile koti taratibu, pini isimchome tena, akalikunja, akasema: "Chai mmekunywa. Mlango mliupata mlipoingia, mtaupata mkitoka." Mjomba akaondoka bado anatafuta ni wapi hotuba iliharibika.

Jioni ile Kadi alilia. Alimwambia shangazi yake kwamba anampenda yule mtu na hataki mwingine. Shangazi akamjibu kwamba hana neno na mtu mwenyewe, ni mzuri, mabega yake ni sawasawa, lakini sauti ile haitaingia katika nyumba hii. Kadi akasema: "Naweza kwenda naye kesho, Shangazi. Nina miaka ishirini na saba, nina kazi. Lakini sitatoka kwako kwa dirishani. Nitatoka kwa mlango, na mlango umeushika wewe." Maneno hayo nilihadithiwa na wote wawili, kila mtu kwa wakati wake, na yalifanana, ndiyo maana nayaandika.

Zikapita wiki mbili. Waliishi wawili katika vyumba vile na pazia katikati, wanaamkiana kama watu wa ofisi. Kadi akawa anakula kwangu. Na saa moja jioni, kimya. Shangazi alikuwa haiwashi televisheni. Jirani wa mlango wa tatu akanipongeza, akidhani yule bwana amehama.

Kadi aliniambia, sahani ipo mbele yake haijaguswa: "Mama, ongea naye. Mimi akinitazama anaona nimemsaliti. Ningempa nini mtu aliyeninunulia viatu vya shule yeye akivaa ndala? Sitaki kumlazimisha. Lakini na yule sitamwacha. Nikimwacha nitamchukia Shangazi, na hilo sitaki kabisa."

Nikaenda. Nilijifanya nina gauni la kupunguza mikono. Shangazi alikuwa anapinda suruali za shule, rundo lipo mpaka kiunoni. Nikaanza kwa upole, nikamwambia kwamba yale ni maigizo.

"Najua ni maigizo," akasema bila kuinua kichwa. "Unafikiri mimi akili zimeruka? Yule mwanamke ana mume wake na ana gari na anakula vizuri, mashavu yake mwenyewe umeyaona. Najua."

"Na kijana hana kosa."

"Hana. Tena nilimpenda. Sasa hata kuangalia siwezi. Nikiwasha, Shemeji akianza kuongea, namuona yule mtoto anakunywa tangawizi. Hata kumchukia vizuri siwezi tena. Wameniharibia."

"Basi tatizo liko wapi, dada yangu?"

Akashona upindo mzima, akakata uzi kwa meno. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuniambia, na mimi nilikuwa nikijiona namjua mpaka kisigino.

Mume wake naye alikuwa fundi. Walikuwa na chumba cha kazi kando ya soko, vyerehani vinne, kimoja cha kuzungushia pindo. Vyote walinunua pamoja, kimoja kimoja, kwa kushona magunia. Mume alipofariki, wiki ya tatu, mdogo wake akaja na gari na wapagazi wawili na karatasi. Hakupiga kelele. Hilo ndilo alilolirudia mara tatu, kwamba hakupiga kelele. Alimshika kiwiko akamsogeza pembeni ili asigongwe, akasema, "Taratibu, shemeji." Akawageukia wapagazi, akasema, "Taratibu jamani, msikwaruze." Akabeba vitatu. Cha nne hakukijua, kilikuwa kwa mtengenezaji, mkanda umekatika. Ndicho hiki.

"Angenitukana, ningemtukana," Shangazi akasema. "Angenipiga, watu wangekuja. Lakini mtu anakuita shemeji yangu, anakushika kiwiko, anakuondolea maisha yako kwa adabu. Utapiga kelele gani? Nilisema ahsante. Unasikia? Alipofunga mlango wa gari, nilisema ahsante."

Niliposikia hivyo ndipo nilipokumbuka jinsi alivyotandaza mikono mbele ya cherehani siku ile.

Hakushtaki. Ibadani walimsifu kwa moyo wa kusamehe, wakamtaja kwenye mahubiri akiwa amekaa palepale, na yeye akainamisha kichwa, kwa sababu angefanya nini, asimame aseme hapana? Yule bwana akatumia vile vyerehani miaka kumi na moja, kisha akafa. Shangazi alikwenda mazishini.

"Hilo ulifanya vema," nikamwambia. "Ni alama kwamba umemsamehe."

"Nilikwenda kuhakikisha," akasema.

Nikacheka. Mungu ananijua. Naye akacheka, ndiyo mara ya kwanza baada ya wiki mbili, kisha akafuta uso kwa mguu wa suruali ya mtoto wa watu.

"Sasa fikiria," akasema, "sauti ile iwe inanigongea mlango. Shangazi, hujambo. Shangazi, tumekuletea mjukuu. Mimi nitakuwa nakificha cherehani kila wakija. Kadi si mtoto wa kuolewa na mtu ambaye mimi namfichia vitu. Lakini nikimnyima, nami nakuwa nani? Nakuwa nimemchukulia chake, kwa adabu."

Nilimwambia nitaomba. Akasema niombe, ila nisitaje chaneli. Usiku Kadi alipokuja kula, nikamhadithia yote.

Siku ya tatu yake, Jumatano saa kumi, nilikuwa pale benchini nangojea mikono ya gauni, na kijana akaja peke yake. Hakuja na mjomba. Alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, hakubisha hodi kwa sauti, aligonga tu mbao.

"Koo limepona?" Shangazi akamuuliza.

"Limepona."

"Kaa."

Akakaa pembeni yangu, kwenye benchi la wateja, magoti pamoja kama anayengoja kung'olewa jino. Shangazi akaendelea kukanyaga. Cherehani kilitembea mshono mzima wa ubavu, kikarudi. Mimi nilitaka kuondoka, lakini gauni langu lilikuwa chini ya sindano.

"Ile tamthilia," Shangazi akasema, "mmeshaimaliza kuisoma huko kwenu?"

"Tumemaliza mwezi uliopita, mama. Huku bado wiki tatu."

"Inaishaje?"

"Haturuhusiwi kusema. Tulisaini karatasi."

"Ulikuwa na homa uliposaini?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe ulisaini vizuri. Niambie."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama pasi. Akafikiri, na nadhani alielewa kwamba hapo ndipo anapojitambulisha sasa, si siku ile.

"Shemeji anakufa," akasema. "Dada wa Watu amekwishapata ushahidi wote, anamfuata barabarani amwambie yeye ni nani. Gari la Shemeji linaanguka darajani kabla hajamfikia."

Cherehani kikasimama. Shangazi aliweka kiganja juu ya gurudumu.

"Anakufa palepale?"

"Palepale."

"Kabla ya kufa anasema nini?"

"Hasemi kitu. Kwenye karatasi yangu hakukuwa na neno. Niliandikiwa nipumue tu. Pumzi mbili."

"Na Dada wa Watu?"

"Mahakama inamrudishia nyumba. Mtoto anamkumbatia. Anasimama mlangoni, wanaweka muziki, basi."

"Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na haki."

"Hakimu anasema, mama."

"Hakimu ni wewe."

"Ni mimi."

"Yule mwenyewe hasemi."

"Hasemi."

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira, mtu anaita mtu. Kijana akateleza kutoka benchini, akapiga goti moja mbele ya cherehani, akasema kwa sauti ile ambayo hana nyingine: "Shangazi, Kadi ameniambia habari ya vile vyerehani. Nisamehe."

Nilimtazama Shangazi nione kama atarudi nyuma tena. Hakurudi. Alivua futi shingoni, akaizungusha vidoleni, akaiweka juu ya meza. Akasema:

"Inuka, utachafua suruali. Wewe hujanikosea kitu, usiniombe radhi ya bure. Kadi anakutaka, na mimi nimekubali, mwambie mjomba wako arudi amalizie babu zake. Ila kabla hujaanza kuniamkia humu ndani, nina ombi moja. Ongea kama Shemeji, polepole vilevile, na useme: 'Shemeji, vile vyerehani vilikuwa vyako, na nilijua.'"